Baruti Mezani Pangu

Mimi hasira zangu ziko karibu, sifichi. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa ngumi zikiwa zimekunjwa. Ndiyo maana watu hucheka nikiwaambia kwamba kazi niliyoipenda kuliko zote maishani ilikuwa ile isiyotaka hasira hata chembe: kujaza risasi nyumbani, mezani, mchana kweupe, ganda moja baada ya jingine, kwa mkono.

Nilijifunzia Ndalu. Kabla sijaolewa nilifua na kupiga pasi kwa memsabu mmoja mjane aliyekuwa na shamba la mahindi upande ule. Alikuwa na bunduki ya marisau ya kuwindia kanga, na risasi hakuwa akinunua mpya. Ganda likishapigwa alilirudisha barazani akalijaza upya mwenyewe. Halafu baridi yabisi ikamshika vidole, akawa hawezi hata kufunga kifungo cha blauzi. Siku moja aliniita niache pasi, akaniketisha mezani, akaniambia mikono yangu imetulia kuliko mdomo wangu. Nilikasirika, lakini nilikaa. Nilikaa miaka mitatu.

Kazi yenyewe si uchawi. Ganda la shaba lililokwisha kupigwa lina fataki kuukuu matakoni, kile kidude kinachowasha baruti; unaisukuma itoke. Unasafisha ganda, unatia fataki mpya, unamimina baruti kwa kipimo, unashindilia kizibo cha sufi, unatia marisau, zile punje za risasi, unafunika kwa karatasi ngumu, na mwisho unaziba kwa nta. Hayo kila mtu anaweza kuyasema. Ugumu ni kuyafanya yale yale tena na tena bila akili kwenda sokoni. Ukisahau baruti, bunduki inanyamaza. Ukiitia mara mbili, bunduki inaweza kupasuka, na aliyeishika hana uso tena. Kwa hiyo memsabu alikuwa na sheria: taa isikaribie meza ile, na mtu asiniongeleshe. Nikiongeleshwa nilitakiwa nimwage kila nilichotia nianze upya.

Sheria iliyonikaa zaidi ilikuwa ya vyombo. Memsabu alinikataza kukubali chombo kinachonificha baruti. Nichague kile kinachoniacha nichungulie ndani ya ganda, niione kwa macho yangu, ndipo niifunike.

Niliolewa Sirisia, vita vya pili vikiwa vimepamba moto, na mwanamume aliyerudi kutoka jeshini akiwa na vidole vitatu tu mkono wa kulia. Alikuwa mpole. Nilihitaji mtu mpole, maana ngumi za kutosha nyumba nzima nilikuja nazo mwenyewe. Mama yake aliishi hatua chache kutoka kwetu, mwanamke mfupi, mkimya, anayefanya jambo likaisha bila kulitangaza. Mwezi wa kwanza sikujua kama ananipenda au ananivumilia. Hakuniambia neno baya, hakuniambia neno zuri. Asubuhi nilikuta kuni zimepangwa mlangoni kwangu na sikujua nimshukuru vipi mtu ambaye ameshaondoka.

Kuna jambo moja la mama mkwe wangu ambalo lazima nilieleze hapa. Kwetu mbegu za mahindi haziwekwi ghalani. Mahindi mazuri yanachaguliwa na kutundikwa jikoni kwenye uchaga, zile fito zilizopangwa juu ya meko, moshi uyapate kila siku na wadudu wasiyasogelee. Kitu chochote ambacho mwanamke hataki kiharibike, mahali pake ni juu ya uchaga. Sasa, mwaka ule kabla sijaolewa, nyani waliteremka kutoka mlimani wakala mahindi ya kijiji kizima, na njaa ilipokaza, mama mkwe aliteremsha mbegu akazisaga akazipika. Mume wangu alinisimulia huku anatazama pembeni. Alisema mama yake alisonga ugali ule machozi yakimtoka bila sauti, akawagawia watu, yeye mwenyewe hakula. Mbegu za kupanda mwaka uliofuata alikwenda kuziomba kwa dada yake karibu na stesheni ya Bungoma, akazibeba kichwani, kwa mguu, mpaka Sirisia.

Malalamiko ya nyani yalipofika kwa wakubwa, mzungu wa mambo ya wanyama, tuliyekuwa tukimwita Bwana Nyama, alimpa mume wangu bunduki ya marisau na kibali, awalindie watu mashamba, kwa kuwa jeshi lilikuwa limemfunza. Risasi mpya hazikuwapo. Vita vilikuwa vinazila zote. Alimpa maganda kumi na mawili ya shaba yaliyokwisha kupigwa, na barua ya kununulia baruti, fataki na marisau Kitale. Na mbele ya chifu akaweka sharti. Mahindi yakikaribia kukomaa atakuja kuiona bunduki ikipigwa. Ikifanya kazi, inakaa. Ikishindwa, anaondoka nayo siku hiyo hiyo, kwa sababu walioiomba walikuwa wengi. Hakukuwa na mtu kijijini asiyeelewa maana ya maneno hayo. Bunduki ikiondoka, nyani wanarudi, na mbegu zile za kuombwa zingekuwa zimepandwa kwa ajili yao.

Mume wangu aliitoa fataki moja anionyeshe. Kitu chenyewe kidogo kama punje ya mtama. Akajaribu kuishika kwa vidole vyake vitatu, ikamponyoka, ikadunda, ikaingia kwenye majivu ya jiko langu. Niliruka. Tuliitafuta tumepiga magoti, mimi nikimgombeza bila kuvuta pumzi, yeye akisema pole, pole, pole. Nilipoipata nikamwambia aniachie mimi hayo mambo, nikamweleza habari za memsabu na baraza lake. Nadhani ndiyo siku aliyojua ameoa nani.

Tatizo ni kwamba kwetu mwanamke hagusi silaha ya mawindo. Hata mkuki ukiwa umelala chini haurukwi, unauzunguka, kwa maana wanasema ukiuruka umeuua. Mume wangu aliliwaza hilo siku mbili, kisha akaamua kwamba bunduki ataishika yeye, mimi nishike maganda, na ganda tupu si silaha. Wazee walipopata habari walinung'unika sana, lakini nani mwingine angeijaza? Wakanyamaza, wakawa wanangoja kosa.

Tulikwenda Kitale kuchagua vyombo, yeye akisukuma baiskeli, mimi nikimfuata na kikapu, tukilala njiani kwa ndugu zake. Mwenye duka, Mhindi mzee mwenye subira, aliisoma barua mara mbili, akatuwekea vyombo vya namna mbili juu ya kaunta. Cha kwanza kilikuwa mashine ya chuma yenye mkono wa kuvuta, na vikombe viwili juu yake, kimoja cha baruti na kimoja cha marisau. Unavuta, ganda limejaa. Ilikuwa inang'aa, bana. Mume wangu aliitabasamia mpaka nikaona wivu. Cha pili kilikuwa kisanduku cha mbao ambacho ukikitazama haraka utasema ni takataka: msumari butu wa kusukumia fataki, kigongo cha mti, faneli ndogo, kipimo chenye mpini ulioungua, na mizani inayoenea kiganjani.

Mume wangu akasema tuchukue mashine, kazi itakuwa imekwisha kabla chai haijapoa. Nikamwomba mwenye duka auvute ule mkono hivyo hivyo, bila kutia kitu, anionyeshe ni wapi nitachungulia niione baruti. Akavuta. Ganda likaingia chini ya chuma, likatokea upande wa pili limekwisha kufunikwa. Hapakuwa na pa kuchungulia. Nikasema hiyo sitaki hata ya bure.

Mume wangu akacheka kidogo, akamgeukia mwenye duka, ati mke wake anapenda kufanya kazi kwa msumari. Hapo sauti yangu ikapanda. Nilimwambia kwamba uso utakaokuwa nyuma ya bunduki ile ni wake, si wangu, na mimi uso ule nimeshauzoea ulivyo, sitaki kuletewa mwingine. Mwenye duka alijifanya anafuta kaunta, kisha akasema mama ana haki: mashine inamfaa mtu anayejaza mamia, lakini mwenye maganda kumi na mawili anahitaji macho yake tu. Tukachukua kisanduku. Vizibo vya sufi alivyokuwa navyo vilikuwa vikavu, nikasema si neno, nitavipaka mafuta ya kondoo mwenyewe kama nilivyofundishwa, ili mtutu usichafuke upesi. Njia nzima ya kurudi mume wangu hakununa. Alikuwa ananiuliza maswali, na mimi nilikuwa najibu kama mwalimu.

Nyumbani alinichongea ubao wenye matundu kumi na mawili, safu mbili, sita sita, maganda yasimame wima. Nilifanyia kazi nje, karibu na ukuta, jua likiwa juu. Nikishatia baruti maganda yote, niliinua ubao taratibu nikachungulia tundu kwa tundu. Kila moja nililiona na weusi wake sawa na mwenzake. Ndipo nikashindilia vizibo. Zilipokwisha kujazwa, risasi zote niliziweka ndani ya bati la biskuti, chini ya kitanda, mbali na moto.

Nyani walipoteremka mara ya kwanza, risasi mbili zilitosha. Mume wangu hakuua hata mmoja. Alipiga juu ya vichwa vyao, mlio ukagonga mlima ukarudi, nao wakapanda wakitukanana. Watu walimsifu mume wangu, wakampa mkono. Mimi nilikuwa nimesimama kando na kikapu cha kunde, najifanya sijali, na moyoni nilikuwa na furaha ambayo sijui niiseme vipi. Jioni hiyo mama mkwe alipita kwangu akachukua ganda moja tupu, akaligeuzageuza, akalipuliza, akalirudisha mahali pake.

Kisha mvua zikakaza kweli kweli. Mama yangu akaugua homa, nikaenda Ndalu kumuuguza zaidi ya wiki. Risasi kumi na mbili niliziacha zimejazwa ndani ya bati lake. Niliporudi nilikuta bati liko pale pale chini ya kitanda, limefungwa, na risasi zimo zimepangwa. Sakafu ya chumba ilikuwa na unyevu kutokana na mvua, nami nikafurahi kwamba shaba haiogopi maji. Sikuwaza zaidi.

Siku chache baadaye, asubuhi, mahindi yakiwa mabichi mazuri ya kuchoma, nyani wakateremka tena. Kijiji kizima kilitoka kutazama, kwa sababu sasa ilikuwa raha. Mume wangu akalenga juu, akavuta. Bunduki ikakohoa kidogo tu, na marisau yakamwagikia miguu yake. Akatia ya pili. Tik. Akatia ya tatu. Tik. Nyani dume akakaa juu ya kichuguu, akavunja hindi, akalimenya polepole na kulila huku anamtazama. Watu walikimbia na mawe na madebe, tukapiga kelele mpaka koo zikakauka. Walipoondoka, mashamba mawili yalikuwa yamelala chini.

Hakuna aliyeniambia kitu pale shambani. Waliniangalia tu mikono.

Mchana wakaja wazee watatu. Waliongea na mume wangu na mimi nimesimama pale pale, kama vile sipo. Walisema mkono wa mwanamke umeiua bunduki, kama walivyojua toka mwanzo. Walisema Bwana Nyama ameshatuma habari kwamba anakuja wiki ijayo, kwa hiyo kisanduku changu kiondoke, na mtu mwanamume ajaze. Nilimtazama mume wangu nikingoja ajibu. Akasema, kwa sauti ya chini, labda mimi nipumzike kidogo, ajaribu yeye.

Hilo liliniuma. Wazee wangesema mpaka wachoke nisingetoa chozi. Lakini yeye alikuwa ameniona nikichungulia kila ganda. Walipoondoka nililipiga teke debe la maji, likapinduka, nikaumia kidole, nikakaa chini kwenye tope nikalia, kwa kidole na kwa mengine yote.

Asubuhi yake hasira ilikuwa imebaki ile ya kufanyia kazi. Nilichukua ganda moja ambalo halikuwa limepigwa, nikaenda nalo nyuma ya nyumba, nikalifungua kwa subira. Nta ilikuwa imelegea na kumwagikia ubavuni. Kizibo cha sufi, nilichokipaka mafuta kwa mkono wangu, kilikuwa kimekauka kabisa. Mafuta yake yote yalikuwa yameteremka kwenye baruti, nayo imeshikana mabonge mabonge mpaka chini kwenye fataki. Mafuta hayashuki hivyo bila joto, na kwa wiki tatu hatukuwa tumeona jua la maana. Nikalinusa ganda. Lilinuka moshi wa jikoni. Nikafuta ubavu wake kwa kidole, kidole kikatoka na masizi.

Jikoni kwangu hakuna uchaga. Nilikwenda jikoni kwa mama mkwe. Alikuwa ameenda mtoni. Nikapanda juu ya kigoda, nikatazama pale panapotundikwa mbegu, na kando ya yale mahindi machache ya mbegu yaliyobaki paliwekwa ubao mpana uliojaa masizi meusi. Ndani ya masizi kulikuwa na miduara kumi na miwili misafi, safu mbili, sita sita, nilivyozoea kupanga mimi.

Baruti, juu ya moto! Na chini yake huyu mama alikaa kila siku akikoroga mboga, na watoto wa majirani wakiota moto. Kwanza niliogopa, nikashika ukuta. Halafu hasira ikaja. Halafu, nikiwa bado juu ya kigoda, nikaelewa. Alikuwa ameona sakafu yetu ikilowa, nami sipo. Akachukua kile kilichoyalinda mahindi yetu, akakiweka mahali ambapo mwanamke huweka asichotaka kiharibike, kando ya mbegu. Nilipokaribia kurudi akakirudisha kwenye bati, akakipanga vile vile, hakutangaza. Kama zile kuni mlangoni.

Sitasema uongo kwamba nilikuwa mwema mara moja. Nilitaka kutoka mbio niwaite wale wazee watatu, niwapandishe kwenye kigoda mmoja mmoja, waone. Mkono wangu ungesafishika siku hiyo hiyo. Lakini niliwajua watu wetu. Wangesema mwanamke aliyepika mbegu sasa ameiua na bunduki. Wangelisema kisimani, wangelisema kanisani, na yeye angelisikia kimya kimya mpaka afe. Nikachovya kitambaa kwenye maji, nikausugua ule ubao wote mpaka miduara ikaisha.

Nilipogeuka, mama mkwe alikuwa mlangoni, mtungi kichwani. Alitazama kitambaa cheusi mkononi mwangu, akatazama ubao. Nilishuka, nikamwamkia. Akaitika. Nikapita kando yake nikaenda.

Mume wangu nilimwonyesha ganda lililofunguliwa. Nilimweleza habari ya mafuta na joto, nikasema kosa la kuziweka ni langu, niliziacha mahali ambapo joto lingezifikia, lakini kosa la kuzijaza silikubali kamwe. Hakuuliza ni joto gani. Alilinusa ganda, akalishikilia. Amelelewa jikoni mle, moshi wake anaujua. Kisha akavaa koti lake la jeshi, akaenda kwa wale wazee, na mimi nikamfuata kwa mbali nisikie.

"Mke wangu atajaza nje, mezani, nanyi mtakaa mtazame," akawaambia. "Bunduki ikinyamaza tena, kisanduku nitakibeba mimi mwenyewe mpaka kwa chifu."

Nilimsamehe hapo hapo, ingawa sikumwambia mpaka siku ya tatu.

Wazee walikuja jua likiwa katikati, wakaketi kwenye viti vyao. Niliwaeleza sheria: mtu haongei. Nilikuwa natia baruti ganda la saba mzee mmoja alipouliza kama hiyo ndiyo ile baruti ya Kitale. Nikamwaga yote nikaanza upya. Nikafika la tisa, akasema ati kumbe ni nyeusi hivi. Nikamwaga tena. Mara ya tatu aliujaza mdomo wake ugoro, na mambo yakaenda. Nilipomaliza kutia baruti sikuyafunika maganda. Nilimwomba mkubwa wao aje achungulie kila tundu. Aliinama, mgongo ukilia, akachungulia moja baada ya jingine, na kila moja akasema, "Naona." Mara kumi na mbili. Kama tungenunua ile mashine, angechungulia wapi? Safari hii vizibo sikuvipaka mafuta. Heri mtu asugue mtutu kila siku.

Siku ya Bwana Nyama, wazee waliomba jambo moja tu, kwamba nisiwepo shambani. Nilikubali. Nilikwenda jikoni kwa mama mkwe nikakaa. Moto ulikuwa umezimwa, sijui kwa nini, labda naye hakuweza kupika siku ile. Tulikaa kwenye vigoda tukisikiliza watu wakikusanyika kule bondeni, kisha sauti zikatulia. Akanyoosha mkono akauchukua mkono wangu wa kulia, akauweka mapajani pake, akaufunika kwa mikono yake yote miwili. Ilikuwa mikono migumu, na iliubana wangu. Nikajua kwamba wakati ule ukimya wa bunduki ungemuua yeye kabla yangu.

Palikuwa kimya mno. Nilianza kujiuliza kama fataki zilikuwa nzuri. Nilianza kuhesabu yale matundu kichwani.

Mlio wa kwanza ulitikisa paa, masizi yakatuangukia vichwani. Wa pili ukafuata juu yake. Wa tatu. Halafu watu wakapiga vigelegele, na mlima ukavirudisha.

Mama mkwe hakuuachia mkono wangu. "Umesikia?" akaniuliza, kama vile mimi ndiye mwenye masikio mabovu. Nikasema nimesikia, Mama. Nikacheka, nikalia, masizi usoni, sijali.

Mume wangu aliniambia baadaye kwamba Bwana Nyama aliuliza ni nani anayejaza. Aliposikia ni mke wake alicheka, akidhani ni mzaha. Ndipo yule mzee mkubwa akasimama akasema si mzaha, yeye amechungulia maganda yote kwa macho yake. Bunduki ikabaki.

Mahindi yale tuliyavuna. Nyani walijaribu mara mbili tatu, wakachoka kuliko sisi. Wakati wa kuchagua mbegu, mama mkwe alikaa uani siku nzima na rundo lake, akilitupa hindi hili, akilibembeleza lile. Alipomaliza aliyafunga mahindi kwa maganda yake, mafungu manono, akaniita. Mbegu katika nyumba ile hakuwa amemkabidhi mtu yeyote, hata binti zake. Akaniwekea mikononi.

"Kuna kitu nilikiweka mahali pabaya, nawe ukafuta alama," akasema. "Hizi ziweke wewe. Popote utakapoona panafaa."

Nilisimama nazo, nzito, zinanuka shamba. Kisha nikaingia jikoni kwake, nikavuta kigoda, nikapanda, nikazitundika juu ya uchaga, pale pale nilipofuta.

"Mahali pake ni hapa, Mama," nikamwambia. "Kwa mbegu hukukosea hata siku moja."

Alikuja akanishikia kigoda, nishuke.